Namna ya Kulinganisha Komposaiti za Kuzibia Magego kwa Kliniki za Mtwara na Lindi

Kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa, vyumba vya meno vya Mtwara na Lindi hupata wagonjwa wa aina nyingine. Watu waliovumilia gego lililotoboka kwa miezi mingi, kwa sababu fedha ya kuziba haikuwapo, hufika wakiwa na malipo ya msimu mkononi na ombi moja: jino lisitolewe, lizibwe, na lizibwe kwa dawa nyeupe. Mara nyingi tundu ni kubwa na limekula ukuta wa pembeni unaopakana na jino la jirani, na mwenye jino hilo atarudi nyumbani kutafuna ming'oko, mihogo ya kuchoma na korosho za kukaanga kwa upande uleule uliozibwa. Mwongozo huu ni wa matabibu wa kinywa na meno, pamoja na wamiliki wa kliniki ndogo, wanaopaswa kuamua wanunue komposaiti (ndiyo hiyo dawa nyeupe ya kuzibia) ipi kwa kazi hiyo na ipi waiache dukani.

Msimamo wangu nitausema mapema. Komposaiti inayofaa gego ni ile ambayo taa uliyo nayo inaweza kuigandisha mpaka chini, na ambayo mikono yako inaweza kuiweka pahali pakavu. Sifa nyingine zote zilizoandikwa kwenye boksi huja baada ya hizo mbili. Nimeona dawa ya bei ya juu ikifeli kwa sababu ya taa chovu, na nimeona dawa ya kawaida kabisa ikitafuniwa kwa miaka mingi kwa sababu aliyeiweka hakuwa na haraka.

Namba za kusoma kwanza

Komposaiti ni mchanganyiko wa vitu viwili vikuu: resini, ambayo ndiyo inayoganda, na chembe za kioo, silika au zirkonia, ambazo ndizo zinazoupa mchanganyiko huo nguvu. Resini ya Bis-GMA, ambayo Rafael Bowen wa Marekani aliipatia hataza mwaka 1962, bado imo katika dawa nyingi tunazozitumia leo, mara nyingi ikiwa imechanganywa na resini nyingine, UDMA na TEGDMA, ili isiwe nzito mno. Resini husinyaa inapoganda, lakini chembe hazisinyai. Kwa hiyo swali la kwanza unapolinganisha dawa mbili ni kiasi cha chembe kilichomo katika kila moja. Komposaiti nzito za magego kwa kawaida huwa na chembe za asilimia 75 hadi 85 kwa uzito na husinyaa kwa takribani asilimia 2 hadi 3 ya ujazo wake, ilhali komposaiti za majimaji huwa na chembe pungufu na usinyaaji wake hupanda, baadhi zikifika asilimia 5.

Hapo pana mtego unaowanasa wengi. Mtengenezaji mmoja huandika kiasi cha chembe kwa uzito na mwingine huandika kwa ujazo, na kwa kuwa kioo ni kizito kuliko resini, namba ya uzito daima huwa kubwa zaidi. Filtek Z250, kwa mfano, hutajwa kuwa na chembe za asilimia 60 kwa ujazo. Ukiiweka kando ya dawa inayojitangaza kwa asilimia 80 bila kutaja kipimo, utadhani hiyo ya pili imeizidi mbali, kumbe huenda zinakaribiana sana. Usilinganishe mpaka umepata kipimo kilekile kwa dawa zote mbili, na muuzaji asipoweza kukuletea karatasi ya maelezo ya kiufundi, iache dawa yake.

Ukubwa wa chembe nao una maana, ingawa si kubwa kama wauzaji wanavyoipigia debe. Komposaiti za mikrofili, zenye chembe za takribani mikromita 0.04, hung'aa vizuri kwenye meno ya mbele lakini hazina nguvu ya kubeba mzigo wa gego, na hizo usizinunue kwa kazi hii hata zikiwa za bei ya chini. Mikrohaibridi na nanohaibridi, yaani zenye mchanganyiko wa chembe za ukubwa tofauti, zote zinafaa. Mimi sijaona sababu ya kulipa fedha nyingi zaidi kwa ajili ya neno "nano" peke yake, kwa kuwa ndani ya tundu la gego tofauti ya mng'ao kati ya aina hizo mbili haimsaidii mtafunaji kitu.

Yako mambo mengine mawili ya kutafuta kwenye karatasi hiyo. La kwanza ni kama dawa imepimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 4049 na kuwekwa katika aina ya 1, yaani zile zinazoruhusiwa kutumika kwenye sehemu za kutafunia. Dawa ya namna hiyo inatakiwa kustahimili kupindwa kwa nguvu isiyopungua megapaskali 80. La pili ni kama inaonekana kwenye eksirei. Komposaiti isiyoonekana kwenye picha itakusumbua baada ya miaka miwili, utakaposhindwa kujua kama kivuli kilicho chini ya kizibo ni uozo mpya au ni dawa yako mwenyewe. Rangi ya dawa isikupotezee muda: kwa magego, A2 na A3 zinatosha wagonjwa karibu wote, na rangi iliyokoza zaidi hupitisha mwanga pungufu.

Tabaka kwa tabaka au mkupuo mmoja

Komposaiti za kawaida huwekwa kwa tabaka zisizozidi milimita 2, kila tabaka likigandishwa peke yake. Komposaiti za mkupuo zimetengenezwa ili ziweze kuwekwa kwa kina cha milimita 4, na chache hudai kufika 5. Kwa kliniki yenye foleni ndefu mvuto wake unaeleweka: tundu lenye kina cha milimita 6, ambalo lingehitaji matabaka matatu, sasa linahitaji mawili, na kila tabaka linalopungua hupunguza nafasi ya mate kuingia kati.

Hata hivyo, ndani ya kundi hili la mkupuo mna aina mbili ambazo hazifai kuchanganywa. Ziko za majimaji, kama SDR ilivyotoka kwa mara ya kwanza, ambazo hutiririka zenyewe hadi kwenye kona za tundu lakini zinapaswa kufunikwa juu kwa komposaiti ya kawaida yenye unene wa kama milimita 2, kwa sababu peke yake haziwezi kustahimili msuguano wa kutafuna. Na ziko nzito, kama Tetric N-Ceram Bulk Fill au Filtek Bulk Fill Posterior, ambazo zinaweza kufika mpaka juu bila kifuniko. Anayenunua ya majimaji akidhani amenunua dawa moja inayojitosheleza atakuta amenunua nusu ya kazi. Hesabu ya bei lazima iwe na dawa zote mbili.

Kwangu mimi, kliniki yenye taa iliyopimwa na kuthibitishwa inaweza kutumia komposaiti nzito ya mkupuo kwa magego bila wasiwasi. Kliniki ambayo haijawahi kupima taa yake ibaki kwenye tabaka za milimita 2 mpaka itakapopima. Nalisema hili kwa sababu ya kilichonipata. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kutumia dawa ya mkupuo, mama mmoja mkulima alirudi akiwa na kizibo kilichopasuka pembeni kabla hata msimu mwingine wa korosho haujafika. Juu palikuwa pagumu na pamelainishwa vizuri. Nilipolifungua jino, sehemu ya chini kabisa, ile iliyogusa dentini (sehemu ya jino iliyo chini ya enameli, gamba gumu la nje) karibu na ufizi, ilitoka kwa kijiko cha mkono kama nta. Taa ilikuwa inawaka buluu kila siku mbele ya macho yangu, nami sikuwahi kuiuliza ilikuwa inatoa kiasi gani. Yule mama alilipia kazi ambayo haikukamilika, na niliirudia bila malipo.

Kupima taa, kisha kuipima dawa kwa taa hiyo

Komposaiti nyingi huamshwa na kamforokwinoni, kemikali inayofyonza mwanga wa buluu, hasa kwenye urefu wa mawimbi wa karibu nanomita 468. Taa za LED za kawaida hutoa mwanga wa eneo hilo. Lakini baadhi ya dawa zina viamsho vya ziada, kama TPO au Ivocerin, vinavyofyonza zaidi mwanga wa zambarau ulio chini ya hapo, na taa yenye buluu peke yake haiviamshi ipasavyo. Kabla ya kununua, muulize muuzaji dawa inatumia kiamsho gani, kisha usome kwenye kijitabu cha taa yako inatoa mwanga kuanzia nanomita ngapi hadi ngapi. Hilo ni swali la dakika moja, nalo huzuia hasara ya mwaka mzima.

Nguvu ya taa hupimwa kwa rediomita. Tafuta moja, hata kama ni ya kuazimana kati ya kliniki mbili tatu za mji mmoja, na uandike kipimo kila wiki. Hesabu yake ni nyepesi: taa inayotoa miliwati 1000 kwa kila sentimita ya mraba, ikiwashwa kwa sekunde 20, hutoa jouli 20, taa iliyochoka na kushuka hadi 400 inahitaji sekunde 50 kutoa kiasi hicho hicho, na hata hapo sehemu ya chini ya tundu huwa haina uhakika. Kumbuka pia kwamba ncha ya taa haikai juu ya dawa. Kwenye tundu la pembeni ya gego, ncha inaweza kuwa milimita 6 hadi 8 kutoka sakafu ya tundu, na mwanga hupungua kadiri unavyosafiri. Kwa tabaka la kwanza la chini mimi huongeza muda mara mbili, kisha nikishaondoa bamba la chuma linalozungushwa jino wakati wa kuziba huwasha tena taa upande wa shavu na upande wa ulimi. Ncha yenyewe ikaguliwe kila asubuhi, kwa sababu resini iliyoganda juu yake ni pazia.

Baada ya kuijua taa, jaribu kila dawa mpya kwa njia ya kukwangua, ambayo ndiyo inayotumika katika ISO 4049 na ambayo haihitaji maabara. Nenda kwa fundi wa mashine ya kukerezea, akutobolee kipande cha chuma tundu lililonyooka lenye kipenyo cha milimita 4. Kwa komposaiti ya kawaida kipande kiwe na unene wa milimita 6. Kwa dawa ya mkupuo inayodai milimita 4 kiwe na 10, kwa kuwa unene unapaswa kuwa mara mbili ya kina kinachodaiwa, na milimita 2 zaidi. Usitumie bomba la sindano la plastiki, kwa sababu plastiki hupitisha mwanga pembeni na dawa itaonekana nzuri kuliko ilivyo. Weka kipande cha chuma juu ya kioo chenye ukanda mwembamba wa plastiki angavu, jaza dawa bila kuacha mapovu, funika juu kwa ukanda mwingine, gandisha kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, kisha isukume nje na uikwangue kuanzia upande ambao haukupigwa na mwanga mpaka chombo cha plastiki kigonge pagumu. Pima urefu uliobaki na uugawanye kwa mbili. Nusu hiyo ndiyo kina unachoweza kukiamini kwa dawa hiyo na taa hiyo.

Jaribio hili huwashangaza wengi. Dawa inayodai milimita 4 inaweza kutoa 2.5 kwa taa moja na 4 kamili kwa nyingine iliyo chumba cha pili. Ukiwa na dawa tatu za kulinganisha, zijaribu zote siku moja, kwa taa ileile yenye betri iliyojaa, na rangi ileile. Umeme wetu wa kukatika hutufanya tutumie taa za betri kwa muda mrefu, kwa hiyo rudia jaribio mara moja betri ikiwa karibu kuisha. Taa nzuri hubakisha nguvu ileile mpaka inapozima. Taa mbaya hudanganya kimyakimya jioni nzima.

Joto, safari ya basi na jokofu

Watengenezaji wengi huagiza komposaiti ihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 25 za Selsiasi. Mtwara na Lindi, kuanzia Novemba hadi Machi, chumba kisicho na kiyoyozi hupita hapo kila mchana. Zaidi ya hapo, kifurushi kinachotoka Dar es Salaam husafiri mamia ya kilomita, mara nyingi katika buti la basi, na hakuna ajuaye humo kuna joto kiasi gani. Muuzaji aliye tayari kufunga dawa katika boksi la baridi lenye barafu ana faida kubwa kuliko anayepunguza bei kidogo, nami humlipia tofauti hiyo bila kusita. Kifurushi kikifika, angalia tarehe ya kuisha muda na namba ya toleo kabla ya kusaini.

Gundi, ile inayoishikiza komposaiti kwenye jino, huharibika kabla ya komposaiti. Chupa ya gundi inayoachwa wazi mezani hupoteza kiyeyushi chake, hasa kama ni asetoni au alkoholi, na gundi nzito isiyopenya dentini huharibu kazi hata kama dawa iliyo juu yake ni bora kabisa. Ifunge mara tu unapomaliza kudondosha.

Dawa itokayo kwenye jokofu isitumike papo hapo. Kwa unyevu wa hewa ya pwani, umande hutanda kwenye sindano ya dawa mara inapotoka, na dawa yenyewe huwa ngumu kushindilia, ikiacha mapengo kwenye kona. Toa asubuhi kiasi cha siku hiyo, kaa nacho saa moja kikiwa kimefunikwa, kisha uanze kazi. Hapa tena kuna la kulinganisha: komposaiti fulani hulegea sana kwa joto la saa nane mchana na kung'ang'ania chombo, nyingine hubaki na umbo lake. Omba sampuli na uijaribu saa hiyo, kwenye jino lililong'olewa lililoshikiliwa katika plasta, badala ya kuijaribu asubuhi kukiwa na upepo wa bahari.

Pale komposaiti isipofaa

Ulinganisho wa haki lazima ukubali kwamba wakati mwingine mshindi hayumo katika kundi. Mapitio ya mwaka 2021 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yalionyesha kwamba vizibo vya komposaiti kwenye meno ya nyuma vilifeli karibu mara mbili ya vile vya amalgamu, dawa ya rangi ya fedha yenye zebaki, na uozo mpya pembezoni mwa kizibo ulikuwa sababu kubwa. Upande wa pili, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 uliojumuisha tafiti kadhaa ulikuta wastani wa kufeli wa asilimia 1.8 kwa mwaka katika miaka 5 na asilimia 2.4 katika miaka 10, na kwamba kila uso wa ziada wa jino unaozibwa huongeza hatari kwa asilimia 30 hadi 40. Maana yake kwetu ni kwamba tundu dogo la juu na tundu lililokula pande tatu za jino si kazi moja, hata kama dawa ni ileile.

Amalgamu nayo inaondoka. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambao ulianza kutumika mwaka 2017 na ambao Tanzania ni mwanachama wake, uliongezewa kifungu mwaka 2022 kinachotaka isitumike kwa watoto wa chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa mtaalamu anapoona ni lazima. Kwa wagonjwa hao, ikiwa ukavu hauwezekani, chaguo langu ni glasi ayonoma nzito, aina nyingine ya dawa ya kuzibia. Nchi yetu ina historia nayo: mbinu ya ART, ya kusafisha tundu kwa vyombo vya mkono na kuliziba bila mashine, ilianzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 kabla ya Shirika la Afya Duniani kuitangaza mwaka 1994, na hadi leo hutegemea glasi ayonoma, ambayo huvumilia unyevu kuliko komposaiti na huachia floridi.

Kipimo changu cha ukavu ni hiki. Kama naweza kuweka utando wa mpira unaolitenga jino na mate, au angalau pamba na mfyonza mate vikatosha kuifanya enameli iliyopakwa asidi ibaki nyeupe kama chaki kwa dakika nzima, natumia komposaiti. Kama ukingo wa tundu umezama chini ya ufizi na damu inarudi kila ninapopanguza, siweki komposaiti hapo, hata mgonjwa akisisitiza rangi. Naweza kujaza sehemu ya chini kwa glasi ayonoma na kufunika juu kwa komposaiti, na humweleza mgonjwa kwa nini dawa mbili zimetumika katika jino moja. Kabari ya mti na bamba la chuma lililokaza vizuri vina mchango mkubwa hapa, kwa sababu magego mawili yasiyogusana hukamata nyuzi za nyama na vipande vya korosho, na ufizi huanza kuvimba kabla dawa haijaharibika.

Bei ya kizibo kimoja

Usilinganishe bei ya sindano kwa sindano. Tundu la milimita 4 kwa 4 lenye kina cha 5 lina ujazo wa milimita za ujazo 80, na kwa kuwa komposaiti ina uzito wa takribani miligramu 2 kwa kila milimita ya ujazo, kizibo hicho hula gramu 0.16. Sindano ya gramu 4 ingetoa vizibo 25 kama hakuna kinachopotea. Kwa kuwa mabaki hubaki kwenye ncha na kwenye karatasi, kadiria 15 hadi 18. Gawa bei kwa idadi hiyo, kisha ongeza gundi, asidi, bamba, kabari na, kwa ya majimaji, dawa ya kufunikia. Ongeza pia dakika. Dawa inayookoa dakika kumi kwa kila gego, katika siku yenye wagonjwa wanane, inakupa zaidi ya saa nzima, na saa hiyo inaweza kutumika kung'arisha vizuri na kupima ung'ataji kwa karatasi ya rangi, kazi ambazo huachwa pale mtu anapokimbizwa na foleni.

Ukishachagua, usinunue shehena. Chukua sindano mbili za dawa moja, zitumie kwa miezi mitatu, na kwa kila kizibo andika daftarini jino, idadi ya nyuso, dawa, namba ya toleo, kipimo cha taa cha wiki hiyo, na kama ulitumia utando wa mpira. Mgonjwa aombwe kurudi baada ya mwaka, na njia rahisi ya kukumbuka kwa watu wetu ni kumwambia aje msimu ujao wa korosho unapofunguliwa. Atakapokuja, pitisha sonda (chombo chembamba chenye ncha) ukingoni, piga eksirei ikiwa kizibo ni cha pembeni, na uandike ulichokiona mbele ya mstari uleule wa mwaka uliopita. Vizibo viwili vya toleo moja vikifunguka ukingoni, simamisha toleo hilo na urudie jaribio la kukwangua kabla ya kuweka dawa hiyo katika jino jingine.